GROMACS kwenye Windows, Mac au Ubuntu: linganisha kwanza kabla hujamaliza bando

Mdogo wangu yupo mwaka wa pili wa masters ya kemia, na kuna siku alinipigia simu saa nne usiku sauti imekauka, siku tatu anahangaika kuinstoli GROMACS kwenye laptop yake ya Windows, kila video anayofungua inamwambia kitu kingine, huyu anasema futa Windows weka Ubuntu (aina mojawapo ya mfumo wa Linux), yule anasema nunua Mac, mwingine anasema tumia WSL, na bando lenyewe limeshakata. Nikamwambia tulia mdogo wangu, kesho njoo na hiyo laptop tukae tulinganishe moja baada ya nyingine. Haya ninayoandika ndo tuliyoyaona siku ile pamoja na mengine ambayo nimeyapitia mwenyewe, maana najua hayuko peke yake, wanafunzi wengi wanapoteza wiki nzima hapa kabla hata hawajaigiza molekyuli moja.

Kwa asiyeijua, GROMACS ni programu ya kuigiza mwendo wa molekyuli, atomu kwa atomu. Ilianzia Chuo Kikuu cha Groningen kule Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, jina limetoka hukohuko, na siku hizi kazi kubwa ya kuiendeleza inafanyika Sweden. Ni bure na kodi zake, yaani source code, ziko wazi. Mdogo wangu anataka kuangalia kama vitu alivyochuja kwenye majani vinakaa vizuri ndani ya enzimu ya DHFR ya kimelea cha malaria, ileile inayolengwa na pyrimethamine iliyomo kwenye vidonge vya SP. Kazi nzuri kabisa, na kompyuta ndo inatakiwa isimkwamishe.

Mimi huwa naanza na hesabu. Simulesheni yake ni ya nanosekunde 100, hatua moja ni femtosekunde 2, kwahiyo kompyuta itapiga hatua milioni 50. GROMACS ikimaliza kukimbia, mwishoni mwa faili la md.log kuna mstari unaitwa Performance na pale kuna namba ya ns/day, yaani nanosekunde ngapi unapata kwa siku. Ukipata 5 utakaa siku 20, ukipata 50 utakaa siku 2. Namba hiyo ndo nitakayoitumia kulinganisha kila kitu hapa chini, kwasababu mtu anayejifunza tu na lisozaimu ya yai la kuku, ile yenye namba 1AKI kwenye hifadhi ya maumbo ya protini ambayo wengi wanaanzia nayo, hana haja ya kuumiza kichwa kama mtu mwenye thesis ya nanosekunde 100 mara tatu.

Tuanze na Ubuntu iliyokaa kwenye diski yenyewe, siyo ndani ya Windows. Hapa ndo kwao GROMACS. Njia fupi kuliko zote ni hii:

sudo apt install gromacs

Dakika chache imeingia. Ila ujue unachopata, ukiwa na Ubuntu 22.04 utapewa toleo la 2021.4, ukiwa na 24.04 utapewa 2023.3, na pakeji hiyo imekompailiwa (yaani kodi zimegeuzwa kuwa programu) kwa namna ambayo itakubali karibu kila prosesa hata ya zamani, kwahiyo haitumii nguvu zote za prosesa yako mpya. Na GROMACS haikufichi, ukiianzisha inakuandikia wazi kwamba imekompailiwa kwa SIMD fulani (maelekezo ya prosesa ya kupiga hesabu nyingi kwa mpigo) ila kwa mashine hii ingekuwa bora itumie nyingine, mara nyingi AVX2_256. Watu wanaupita huo mstari bila kuusoma. Tena pakeji hiyo haina CUDA, ile njia ya NVIDIA ya kupiga hesabu kwenye kadi ya grafiki, kwahiyo kama una kadi ya NVIDIA itakaa tu haina kazi.

Ndo maana kwa kazi ya kweli nakompaili mwenyewe. Inaonekana ngumu ila ni mistari hii tu:

sudo apt install build-essential cmake
tar xfz gromacs-2024.4.tar.gz
cd gromacs-2024.4
mkdir build
cd build
cmake .. -DGMX_BUILD_OWN_FFTW=ON -DGMX_GPU=CUDA
make -j4
make check
sudo make install
source /usr/local/gromacs/bin/GMXRC

Kama huna kadi ya NVIDIA ondoa ile -DGMX_GPU=CUDA, kama unayo basi CUDA toolkit iwe imeshawekwa kabla. Hiyo FFTW ni maktaba ya hesabu na kwa mpangilio huo GROMACS inaidaunilodi yenyewe wakati make inaanza, kwahiyo usizime data ukidhani umeshamaliza kudaunilodi kila kitu, utaona kosa la ajabu na hutajua limetokea wapi. Na usiruke make check, inachukua muda ndiyo, lakini bora ujue leo kwamba kitu hakijakaa sawa kuliko kujua baada ya siku 20 za umeme.

Kwenye toleo angalia pia. Ubuntu 22.04 inakuja na CMake 3.22 na hiyo inatosha kabisa kwa GROMACS 2024, lakini GROMACS 2025 inataka CMake 3.28, ambayo ndo iliyomo kwenye Ubuntu 24.04. Sasa mtu ana 22.04, anadaunilodi toleo jipya kuliko yote kwasababu ni jipya, cmake inamkatalia, anaanza kuhangaika na kuweka CMake kwa njia za pembeni. Chukua toleo linaloendana na mfumo ulionao, thesis haitakuwa mbaya eti kwasababu umetumia 2024.

Ubuntu inasumbua sehemu mbili na zote ni kadi ya NVIDIA. Ya kwanza ni draiva, ukishaiweka kama Secure Boot imewashwa itakuomba utengeneze paswedi, halafu ukirestati inatokea skrini ya bluu ya MOK, watu wengi wanaiogopa wanabonyeza kuendelea tu, draiva haipakiwi, nvidia-smi inasema haiwasiliani na kadi. Pale inabidi uchague Enroll MOK uingize ile paswedi. Ya pili ni ugomvi wa kompaila, Ubuntu 24.04 inakuja na GCC 13 wakati baadhi ya CUDA za 12 za mwanzo zinakubali mwisho GCC 12, utaona nvcc, yaani kompaila ya CUDA, inapiga kelele unsupported GNU version. Dawa yake ni kuweka gcc-12 na g++-12 halafu kwenye cmake unaongeza -DCMAKE_C_COMPILER=gcc-12 -DCMAKE_CXX_COMPILER=g++-12, lakini futa folda la build kwanza uanze upya, maana cmake inakumbuka majibu ya zamani na utaendelea kuona kosa lilelile mpaka ukate tamaa.

Na kuiweka Ubuntu yenyewe pembeni ya Windows nako kuna hatari zake. Laptop nyingi mpya zinakuja BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data za diski) imewashwa, sasa ukigusa mipaka ya diski bila kuwa na ile rikavari kii unaweza kujikuta umefungiwa mafaili yako yote, picha za familia, barua, kila kitu. Iandike hiyo kii kwenye karatasi kabla hujagusa chochote, na bakapu weka kwenye diski ya nje. Hapa nasisitiza kabisa maana nimeshaona mtu amepoteza data za mwaka mzima.

Sasa WSL, ambayo ndo tulimwekea mdogo wangu. WSL ni Linux inayokaa ndani ya Windows, toleo la 2 lina keneli ya kweli ya Linux, na kuiweka ni kufungua PowerShell kama admini na kuandika wsl --install, unarestati, Ubuntu imeingia, kuanzia hapo unafuata mistari ileile ya juu kama ilivyo. Huhitaji kugawa diski wala kugusa BitLocker, na Word yake ya kuandikia thesis ipo palepale. Kwa hesabu za prosesa kasi yake inakaribia sana Ubuntu ya kwenye diski, hilo watu wengi hawaliamini mpaka waone ns/day kwa macho yao.

Lakini WSL ina mitego yake, na huo wa kwanza ndo uliomliza mdogo wangu siku tatu. Laptop yake ina RAM ya GB 8. WSL2 kwa kawaida inajichukulia nusu ya RAM, kwahiyo Ubuntu yake ilikuwa inaona GB 4 tu. Video ikamwambia aandike make -j8 ili iende haraka, yaani kompaila nane kwa wakati mmoja kwenye GB 4. Inafika asilimia sitini na kitu inakata, inaandika

c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus

Yeye akadhani faili limeharibika, akadaunilodi upya, mara tatu. Faili halikuwa na shida yoyote, RAM ilijaa na keneli ikamuua kompaila ili mfumo usikwame. Tukafunga kivinjari, tukaandika make -j2, ikaendelea palepale ilipokatikia kwasababu make haianzi upya vitu ilivyokwisha kumaliza, ikachukua muda mrefu zaidi, tukala, tukanywa chai, ikafika asilimia 100. Ukitaka kuiongezea RAM kuna faili la .wslconfig unaliweka kwenye folda lako la mtumiaji upande wa Windows (C:\Users\jina-lako), ndani unaandika [wsl2] na mstari wa chini memory=6GB, halafu wsl --shutdown uiwashe tena. Mwenye GB 16 haya hayamhusu sana.

Mtego wa pili ni mahali unapoweka mafaili. Ukiwa WSL unaiona diski ya Windows kama /mnt/c, na inashawishi kwasababu unaweza kufungua mafaili na kibonyezo cha mausi, ila kusoma na kuandika kupitia njia hiyo ni taratibu mno, kukompaili huko ni mateso. Kaa kwenye nyumba ya Linux yenyewe, ~/ , fanya kazi zote huko, ukimaliza ndo unakopi matokeo kuyapeleka Windows. Wa tatu ni Notepad na ndugu zake, ukiandika skripti kwenye Windows ukaileta Linux inakuja na alama zisizoonekana mwisho wa kila mstari, bash inalalamika $'\r': command not found, na dawa ni dos2unix jina-la-faili, basi.

Kadi ya NVIDIA kwenye WSL ni rahisi kuliko hata kwenye Ubuntu ya diski, ila kwa sharti moja, draiva unaweka ya Windows tu, ndani ya WSL usiweke draiva ya Linux hata kama mafunzo ya mtandaoni yanakwambia uweke, ndani unaweka CUDA toolkit peke yake. Ukiweka draiva ya Linux humo unaharibu kilichokuwa kinafanya kazi. Na toolkit ni magigabaiti kadhaa, wakati kodi za GROMACS zenyewe ni kama MB 40 tu, kwahiyo mwenye bando la kubana ajue gharama iko wapi, aende akadaunilodi chuo kwenye wifi.

Kingine ni kwamba Windows inapenda kujirestati usiku ikimaliza apdeti, na laptop ikilala WSL nayo inalala. Kwa simulesheni ya siku kumi pozisha apdeti kwanza, na kwenye mipangilio ya umeme weka isilale. Na diski, lile faili la ext4.vhdx ambalo WSL inahifadhia kila kitu linakua tu, ukifuta mafaili ndani halipungui lenyewe, mtu anashangaa C imejaa na haoni kilichoijaza.

Kuna watu wanauliza kuhusu Windows bila WSL, kwa Visual Studio. Inawezekana, lakini ile raha ya FFTW kujijenga yenyewe huko haipo, na karibu kila skripti utakayoikuta imeandikwa kwa bash. Sioni sababu.

Mac. Hapa nitasema ukweli nilioushuhudia kwa rafiki yangu mwenye MacBook Air, mwanzo ni mtamu kuliko zote. brew install gromacs, au kwa conda, conda create -n gmx -c conda-forge gromacs, na hiyo ya conda kwenye Linux pia inakubali. Terminali ipo, zsh ipo, hakuna draiva ya kuhangaikia. Kwa kujifunza, kuandaa mafaili, kuchora grafu za RMSD (kipimo cha molekyuli imesogea kiasi gani kutoka umbo lake la mwanzo) na kuandika, Mac ni starehe, na chip za M zina nguvu, betri inakaa kweli.

Kukompaili mwenyewe kwenye Mac ndo kuna jambo. Kompaila ya Apple inayokuja na xcode-select --install haina OpenMP yake ndani, ile njia ya kugawa kazi kwa koa zote za prosesa. Cmake haikati, inakupa onyo tu kwamba kompaila hii haina OpenMP na hiyo inaweza kuumiza sana kasi, halafu inaizima inaendelea, na kwasababu mwisho imeandika vizuri kwamba imemaliza wewe unafurahi unaendelea. Weka brew install libomp, lakini brew inaiweka mahali ambapo cmake haiangalii, kwahiyo kabla ya cmake andika

export OpenMP_ROOT=$(brew --prefix)/opt/libomp

halafu futa build uanze tena uone kama lile onyo limeondoka. Na kama Mac yako ni ya chip ya M lakini conda uliyoweka ni ile ya Intel, kila kitu kitapita kwenye Rosetta (mkalimani wa Apple wa programu za Intel) na kitakuwa kizito bila kukwambia, andika conda info kwenye terminali unayotumia, mstari wa platform ukisema osx-64 badala ya osx-arm64 ujue umekosea pakeji.

CUDA kwenye Mac hakuna, toleo la mwisho lililoikubali macOS lilikuwa 10.2 la mwaka 2019, na chip za M hazina NVIDIA kabisa. GROMACS ina njia nyingine ya kutumia kadi ya grafiki, OpenCL, lakini usitegemee upate kile ambacho mwenye kadi ya NVIDIA ya kawaida anapata. Tena Air haina feni, mwanzo inakimbia ukiiacha saa kadhaa ikapata moto inapunguza kasi yenyewe, kwahiyo ns/day uliyoipima dakika tano za kwanza siyo utakayoipata usiku kucha. Kwa mtu anayeniuliza kama anunue Mac kwa ajili ya simulesheni namwambia hapana, pesa hiyo inunulie kompyuta ya mezani hata ya mtumba yenye kadi ya NVIDIA, weka Ubuntu. Kama Mac unayo tayari, hilo ni jambo jingine, itumie.

Nigusie OpenFOAM kidogo, programu ya kuigiza mtiririko wa maji na hewa, kwasababu watu wa uhandisi wa maji na hewa nao wanauliza hilihili. Kwao Mac ina tatizo jingine, diski ya Mac kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, na kodi za OpenFOAM zina mafaili yanayotofautiana kwa herufi tu, kwahiyo inabidi utengeneze diski pepe inayotofautisha herufi ndo ukompailie humo. Kwenye Ubuntu na kwenye nyumba ya Linux ndani ya WSL shida hiyo haipo.

Sasa umeme, jambo ambalo kwenye miongozo ya wenzetu hulikuti. Laptop ya aina yoyote ina betri, kwahiyo umeme ukikatika nusu saa hupotezi kitu, wakati kompyuta ya mezani bila UPS inazima papo hapo. Lakini GROMACS inaandika chekipointi kila dakika 15 bila kuambiwa, ukirudi unaandika

gmx mdrun -deffnm md -cpi md.cpt

inaendelea ilipoachia, umepoteza dakika 15 kwa ubaya zaidi. Ukiwa sehemu ambayo umeme unakatika hovyo unaweza kuongeza -cpt 5. Hii ni sawasawa kwenye mifumo yote mitatu, kwahiyo mtu asikutishe kwamba kompyuta ya mezani haifai kwetu kwa sababu ya umeme.

Na kama chuo chenu kina klasta (kompyuta nyingi, yaani nodi, zilizounganishwa), usikompaili kwenye nodi ya kuingilia ukadhani ndo umemaliza, mara nyingi prosesa zake siyo sawa na za nodi zinazofanya kazi, GROMACS inajijenga kwa prosesa iliyoiona, ukipeleka kazi inakufa na Illegal instruction. Uliza module avail kwanza, huenda wameshaiweka, kama haipo waulize prosesa za nodi za kazi ni zipi uweke -DGMX_SIMD=AVX2_256 au inayofaa.

Kilichonifurahisha zaidi siku ile na mdogo wangu ni kumwonesha kwamba hana haja ya kuoa mfumo mmoja. Faili la .tpr, lile linalobeba simulesheni nzima ikiwa tayari kukimbia, linasomeka kwenye mfumo wowote, limeandaliwa Mac linakimbia Ubuntu, na .cpt hivyohivyo. Cha kuangalia ni toleo, GROMACS mpya inasoma tpr ya zamani lakini ya zamani haisomi mpya, inakataa palepale na kukuambia toleo la faili limeipita programu. Kwahiyo tukaweka 2024.4 kwenye WSL yake na 2024.4 kwenye kompyuta ya mezani ya maabara yao yenye Ubuntu na kadi ya NVIDIA. Sasa hivi anaandaa kila kitu kitandani kwake na ile laptop ya GB 8, anajaribu hatua elfu chache aone kama mfumo haulipuki, kisha anatuma tpr maabara kwa scp, amri ya kukopi mafaili kwenda kompyuta nyingine, na asubuhi akiamka kitu cha kwanza anachofanya kabla hata ya kupiga mswaki ni tail md.log, aone mwisho wa faili umefikia wapi.